Bastola Juu ya Daftari

Watu wanaponisikia nikilalamika juu ya bastola kazini hudhani nataka kuzungumza juu ya majambazi. La. Majambazi wana sheria zao na hukumu zao, wala sina haja ya kuwaongezea. Ninayetaka kumzungumzia ni mtu mwema, mlipa kodi, mwenye kibali kilichopigwa muhuri, ambaye hajapata kuua hata kunguru, naye kila asubuhi huja kazini na bastola yake kiunoni na kuitia katika mtoto wa meza anapoketi kuandika hundi. Huyo ndiye sheria yetu ya Kenya imemsahau. Au tuseme imemkumbuka yeye, ikatusahau sisi tunaosimama upande wa pili wa meza.

Nilikuwa karani wa hesabu katika ghala moja la saruji na vyuma huko Shimanzi, Mombasa. Jina la ghala halina faida kwa mtu yeyote sasa. Mwaka ulikuwa 1997, na aliyekuwapo Mombasa mwaka huo hahitaji kukumbushwa. Mwezi wa Agosti kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa usiku, askari wakauawa na bunduki zikachukuliwa, na kwa majuma mengi baadaye watu waliuhama mtaa na magodoro yao kichwani. Kila mwenye duka alikuwa na hofu. Bosi wetu naye aliingiwa na hofu, na kwa hilo sikumlaumu wala simlaumu leo. Fedha za mishahara alikuwa akizitoa benki mwenyewe, akizibeba katika bahasha kubwa ya kaki chini ya kiti cha gari. Akaomba kibali, akapewa, na siku moja tukaiona bastola.

Siku za kwanza aliionea haya. Ilikaa katika mkoba wake wa ngozi, ndani ya shati. Baadaye ikahamia kwenye mtoto wa meza. Ilipofika Novemba ilikuwa imezoea kulala juu ya meza yenyewe, ikizuia karatasi zisipeperushwe na feni, na mtoto aliyetuletea chai alikuwa akiisogeza kwa ncha ya sinia apate mahali pa kuweka kikombe. Hivyo ndivyo bastola inavyoingia kazini. Inaingia kwa sababu ya wezi, kisha wezi wasipokuja, inabaki ikitafuta kazi nyingine.

Ilipata kazi mwezi wa Desemba. Vibarua kumi na mmoja walikuwa wamepakua malori ya saruji Jumapili sita, na makubaliano, niliyoyasikia kwa masikio yangu na kuyaandika kwa mkono wangu, yalikuwa shilingi 150 kwa kila mtu kwa kila Jumapili, mbali na mshahara. Jumla ilikuwa shilingi 9,900. Hizo si fedha za kumfilisi mwenye ghala. Lakini kwa mtu ambaye watoto wake wanarudi shule Januari, zile 900 zake ni sare na madaftari. Wakamchagua mzee mmoja wa upande wa Kaloleni awe msemaji wao, mtu mpole wa umri wa baba yangu, na wakaniomba niingie nao kwa kuwa mwenye daftari la saa nilikuwa mimi.

Tuliingia watu watatu: mzee, kijana mmoja na mimi. Mzee alisema maneno yake vizuri, bila ukali. Bosi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba daftari, nikampa, akalifungua penye ukurasa wa Novemba na kulilaza mezani. Akaichukua bastola na kuiweka juu ya ukurasa ule. Mdomo wake ulielekea dirishani. Hakututukana. Hakupandisha sauti. Alisema kwamba mwaka umekuwa mgumu kwa kila mtu, na kwamba yeye hakumbuki makubaliano yoyote ya Jumapili. Halafu akanigeukia.

"Karani, wewe unakumbuka?"

Msomaji wangu, nilikuwa nakumbuka. Hesabu ilikuwa pale, kwa mwandiko wangu, chini ya ile bastola. Nikajibu kwamba itanibidi niangalie tena. Mzee akanitazama, wala si kwa hasira, kisha akasema, "Haya, bosi, tumesikia," akachukua kofia yake akatoka. Vibarua wale hawakulipwa. Mimi niliendelea na kazi pale miaka minne zaidi, na hiyo ndiyo sehemu ya kisa hiki ambayo sijapata kuisimulia mbele ya watoto wangu.

Juma lililofuata nilijiwa na ule ushujaa wa kuchelewa, unaompata mtu akiwa peke yake barabarani. Nikaenda kituo kimoja cha polisi kuandikisha. Askari aliyekuwa zamu hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza, "Alikuelekezea?" Nikasema la. "Alisema atakuua?" La. "Ana kibali?" Anacho. "Sasa, kijana, shida yako ni gani?" Sikuwa na jibu. Nikaenda ofisi ya serikali inayoshughulikia mambo ya wafanyakazi. Huko afisa aliniambia kwamba ikiwa vibarua wanadai mishahara, waje wenyewe wajaze fomu. Ama habari za bunduki, hizo ni za polisi. Nikatoka nje nikasimama juani. Baina ya ofisi hizo mbili palikuwa na mwendo wa robo saa kwa miguu, na katika mwendo huo ndimo bastola ya bosi wetu ilimokuwa ikiishi kwa raha zake.

Nilipostaafu nilipata wakati wa kusoma sheria zenyewe. Sijasomea uanasheria, lakini karani aliyeshinda miaka thelathini akitafuta kosa la senti kumi hawezi kushindwa kusoma kifungu. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, ni ya tangu enzi za mkoloni, miaka ya 1950, nayo imetiwa viraka mara nyingi. Inataka mwombaji awe na sababu ya kutosha ya kuwa na silaha, na anayetoa kibali aridhike kwamba hapatakuwa na hatari kwa usalama wa umma wala kwa amani. Inauliza kama mtu ana akili timamu. Inauliza kama ni mlevi. Hayo ni maswali mazuri, nami nayaunga mkono yote. Lakini yote yanamhusu mtu. Hakuna linalouliza juu ya mahali: silaha hii itashinda wapi mchana kutwa, na mbele ya nani, na hao walio mbele yake wanakula kwa mkono wa nani?

Haya, twende upande wa pili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamlazimu mwenye mahali pa kazi ahakikishe usalama, afya na maslahi ya kila mtu anayefanya kazi pale. Mashine lazima iwekewe kinga, na penye wafanyakazi ishirini au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama. Mkaguzi akiingia katika kiwanda cha mbao atauliza kinga ya msumeno iko wapi. Bastola iliyo mezani hataiuliza, kwa maana hiyo si mashine. Na Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo inasema wazi kwamba mfanyakazi akimtukana mwajiri wake, au akamfanyia ufidhuli, anaweza kufukuzwa papo hapo bila notisi. Yaani ulimi wa kibarua umetungiwa kifungu. Chuma cha bosi hakijatungiwa.

Hapo mtu aliyesoma kunishinda atanikatiza na kusema: kutishia mtu ni kosa la jinai, kwa hiyo sheria ipo, unalalamikia nini? Naam, ipo. Lakini nirudieni kwenye yale maswali ya askari. Kosa la jinai linataka neno au kitendo: alikuelekezea, alisema atakuua. Bastola iliyowekwa juu ya daftari haisemi neno wala haitendi kitendo. Ndiyo maana inafaa sana kwa kazi ile. Mtu mwenye adabu zake, ambaye hangethubutu kumnyoshea mwenzake ngumi, anaweza kuitoa bastola mfukoni na kuiweka mezani, akajiambia moyoni kwamba ameitoa kwa sababu inamchoma kiunoni. Labda hata bosi wetu alijiambia hivyo. Mimi simjui moyo wake. Ninajua tu kwamba kabla ya kuiweka tulikuwa watu watatu wenye hoja, na baada ya kuiweka tukawa watu watatu wanaotafuta mlango.

Na tazama nani mwingine alikuwapo pale. Mlinzi wetu wa usiku, aliyelinda saruji ile ile na sanduku lile lile la fedha, alikuwa na rungu na tochi. Kwetu Kenya walinzi wa kampuni hushika marungu, na penye hatari kubwa, kama benki, hukodiwa askari polisi wenye bunduki. Ukivuka mpaka pale Lungalunga ukafika Tanga, utamkuta mlinzi wa benki ameshika bunduki ya marisau, basi hakuna amri ya Mungu katika jambo hili. Kila nchi imeamua yake. Sisemi walinzi wetu wapewe bunduki. Nasema tu kwamba tulipoamua nani aaminiwe na silaha kazini, tulimwamini mwenye mali aliye ndani ya chumba chenye kitasa, na tukamwacha anayekutana na mwizi kwanza ashike mti.

Wenye bastola wana hoja moja nzito, nami sitaikwepa. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi waliingia katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, wakaua watu 67. Kabla jeshi halijafika, miongoni mwa waliojitosa ndani kuwatoa watu walikuwamo raia wenye bastola za kibali. Waliokolewa watu siku ile, watoto na kina mama, na mimi nawavulia kofia wale walioingia. Asiyewavulia hana haki ya kuzungumza juu ya jambo hili. Lakini ushujaa wao haujibu swali langu. Wao walibeba silaha kwenda kumkabili mwenye silaha. Bosi wetu aliitoa mbele ya mzee mwenye kofia mkononi. Kuwa sheria imempa mtu ruhusa ya jambo la kwanza si sababu ya kufumba macho kwa la pili.

Mwezi wa Januari 2020, mpiga muziki wa klabu moja ya usiku jijini Nairobi alipigwa risasi shingoni. Nchi nzima ilijadili nani alifyatua, ni wa chama gani, na kesi itakwendaje. Nilisoma magazeti yale kwa wiki nyingi, na nilichokikosa ni sentensi moja tu: kwamba kijana yule alikuwa kazini. Kwa mteja klabu ni mahali pa starehe, lakini kwa yule kijana, na kwa waliokuwa wakihudumia vinywaji usiku ule, ilikuwa ni ofisi yao.

Mpwa wangu anaishi Tulsa, katika jimbo la Oklahoma huko Marekani, naye anafanya kazi ya kupanga mizigo katika bohari. Alipokuja likizo nilimsimulia kisa cha Shimanzi, nikitaraji atasema kwamba huko aliko ni balaa zaidi. Akanishangaza. Alisema mlangoni kwao pana picha ya bastola iliyokatwa kwa mstari mwekundu, na hakuna anayeingia nayo, awe meneja au mfagiaji. Ila katika uwanja wa kuegesha magari, alisema, usiulize kilichomo ndani ya magari.

Nikataka kujua imekuwaje, na kumbe ni habari ndefu. Jimbo lile linajua uchungu wa jambo hili: mwaka 1986, katika mji wa Edmond, mfanyakazi wa posta aliwaua wenzake 14 kazini kisha akajiua. Mwaka 2002, kwenye kiwanda kimoja cha karatasi huko Valliant, msako ulifanywa katika maegesho, na wafanyakazi kadhaa waliokutwa na bunduki ndani ya magari yao wakafukuzwa. Ulikuwa msimu wa kuwinda, na kwa watu wa kule bunduki garini ni kama jembe kwa mkulima. Bunge la jimbo likaingilia, na mwaka 2004 likapitisha sheria ya kuwazuia waajiri kukataza bunduki zilizofungiwa ndani ya gari. Makampuni yakaenda mahakamani, yakidai kwamba sheria ya taifa ya usalama kazini inawataka waondoe hatari. Mwaka 2007 jaji mmoja akakubaliana nao. Mwaka 2009 mahakama ya rufani ikatengua. Florida nayo ilikuwa imepitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2008. Katikati ya mabishano hayo, mwaka 2005, watafiti walichapisha uchunguzi wa jimbo la North Carolina, wakilinganisha mahali pa kazi palipouawa mfanyakazi na mahali ambapo hapakuuawa mtu. Waligundua kwamba penye ruhusa ya bunduki hatari ya kuuawa ilikuwa kubwa karibu mara tano kuliko palipokatazwa silaha zote.

Mimi siipendi sheria ya Oklahoma ilivyoishia. Mtu aliyefukuzwa kazi saa nne asubuhi, na bunduki yake iko hatua mia kutoka mlangoni, ni jambo la kumnyima usingizi kila mwenzake. Lakini angalau wale watu walibishana. Waliuliza mahali pa kazi ni pa nani, na nani ana haki ya kusema hapana, wakapelekana mpaka kwa majaji. Nao huko mwenye bunduki ni mfanyakazi, na anayekataza ni mwajiri. Kwetu mambo yamepinduka. Mwajiri ndiye anayo, na mfanyakazi hana hata dirisha la kupelekea neno lake la hapana. Desemba 2018 serikali yetu iliwaamuru wote wenye bunduki za leseni wajitokeze wakaguliwe upya katika muda wa siku 90. Lilikuwa jambo jema. Wakakaguliwa watu, zikakaguliwa na silaha. Sijasikia kwamba palikuwa na mpishi, dereva au karani yeyote aliyeitwa na kuulizwa, "Huyu bwana yako, ile bastola huiweka wapi mnapozungumza habari za mshahara?"

Swali hilo ndilo nataka liulizwe, na liulizwe kwa nguvu ya sheria. Sitaki vibali vifutwe. Nataka kibali kiseme kama kinafika mpaka mahali pa kazi au kinaishia nyumbani na njiani. Kikifika kazini, silaha ikae mwilini, ndani ya mkoba wake, imefunikwa, au ikae katika sefu. Juu ya meza isionekane kabisa. Yanapozungumzwa malipo, nidhamu au kufukuzwa, iwe imefungiwa, na ufunguo uwe mbali. Kamati ya usalama iwe na haki ya kuiuliza kama inavyouliza msumeno. Na mfanyakazi akilalamika kwamba bastola ilitolewa mbele yake, Bodi ya leseni imwite mwenye kibali ajieleze, bila kwanza kumwuliza mlalamikaji kama alielekezewa. Kuonyeshwa kutoshe. Anayeona masharti haya ni mazito anakiri kwamba bastola yake haimlindi na wezi tu.

Nimekwisha kuambiwa kwamba masharti kama haya yatafichua siri: wafanyakazi wote watajua bosi ana silaha, na siri itafika kwa majambazi. Jibu langu ni yule mtoto wa chai na sinia lake.

Kurasa hizi, kabla sijazipeleka kwa mpiga chapa, nilimpa rafiki yangu mmoja asome. Tumesoma pamoja tangu darasa la kwanza, naye ana tanuri la mikate na wafanyakazi wapatao thelathini, na kibali anacho tangu zamani. Alizisoma usiku mmoja, akanipigia simu asubuhi amekasirika. "Ndugu yangu," alisema, "wewe hukupata kubeba mishahara ya watu thelathini mkononi. Siku ya mwisho wa mwezi ndiyo siku ya wezi. Unataka nifungie bastola siku hiyo?" Nilimwacha aseme mpaka akatulia. Kisha nikamwuliza ni lini mara ya mwisho alipotoka benki na bahasha ya mishahara. Akafikiri. Akasema ni kabla ya M-Pesa kushika kasi, yaani zaidi ya miaka kumi iliyopita. Sasa mishahara yote hutumwa kwa simu na benki, mkewe ndiye hubonyeza. Nikamwuliza, basi siku ya mwisho wa mwezi bastola inakuwa wapi?

Akanyamaza kidogo, halafu akaniambia iko palepale, upande wa kulia wa meza.